Risala ya Vijana kwa Mgeni wa Heshima, Ibada ya Mkesha wa Krismasi, Huruma, Nairobi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mama yetu mkunga mstaafu wa Hospitali ya Pumwani, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, kina mama wa ushirika, wazazi, ndugu na dada zetu: Bwana Yesu asifiwe!

Mama, karibu nyumbani. Wengi wetu tunaosimama mbele yako tulizaliwa Pumwani, na huenda baadhi yetu tulipokelewa kwa mikono yako. Kila Krismasi wapiga picha wa magazeti na runinga hufika katika wodi za hospitali hiyo, ambayo imekuwapo tangu 1926, kuwaonyesha Wakenya watoto waliozaliwa siku ya sikukuu. Mkunga aliyekesha ni nadra kuonekana katika picha hizo. Tulipoketi kuamua tumwalike nani mwaka huu, majina makubwa yalitajwa. Kisha dada mmoja akauliza: katika mtaa huu, nani amekuwa kazini usiku wa Krismasi mara nyingi kuliko sisi sote? Mjadala ukaishia hapo.

Ikifika katikati ya Desemba, Nairobi huanza kuhama. Kituo cha mabasi cha Machakos hufurika watu, nauli ya kwenda Busia na Kakamega hupanda maradufu, na magodoro na masanduku hupangwa juu ya keria hadi usiku. Anayebaki mjini huwa na sababu. Hana nauli, au ni mgonjwa, au ana zamu, au wazazi walikwisha kufariki na hakuna tena anayemngoja kijijini. Sisi vijana tuliona kwamba ikiwa Bwana ametuita nuru ya ulimwengu, basi ulimwengu wetu wa kwanza ni hawa waliobaki.

Aliyetufungua macho ni Luka. Katika sura ya 2, mstari wa 8, anasema wachungaji walikuwa wakikaa makondeni “na kulinda kundi kwa zamu usiku.” Tangu utotoni tumewaigiza wachungaji hao hapa mbele, leso kichwani na fimbo mkononi, bila kuwatazama kama watu walio kazini. Habari njema iliwapita waliolala, ikawafikia waliokuwa macho kwa ajili ya riziki. Utukufu wa Bwana uliwang'aria palepale kwenye zamu yao, kabla hawajapata nafasi ya kunawa wala kubadilisha nguo. Tuliposoma hivyo tulijua pa kuanzia.

Kwa hiyo kila mkesha wa Krismasi, ibada ikiisha, tunajigawa makundi na kuwaendea askari wa usiku wanaolinda maduka na magorofa ya Huruma hadi kando ya Barabara ya Juja. Tunabeba chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati za moto. Mwaka jana tulimkuta mzee mmoja ameketi juu ya kreti ya soda nyuma ya geti, koti limefungwa kwa kamba kiunoni, redio ndogo imebanwa sikioni. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanyamaza. Tulidhani ataomba chapati nyingine. Aliomba simu yenye salio, azungumze na watoto wake Vihiga kabla hawajalala. Akaimba nao ubeti mmoja, akawaambia baba yuko salama, akaturudishia simu huku anaifuta skrini kwa mkono wa koti. Tangu usiku huo, salio la simu limo katika bajeti yetu ya Krismasi, sawa na unga na majani chai.

Jambo moja tumelikubaliana na hatulegezi: hatumpigi picha mtu anapopokea msaada. Tunajua wako wanaotuuliza watu watajuaje mnachofanya. Lakini Bwana aliposema nuru yetu iangaze mbele ya watu, alisema wayaone matendo mema wamtukuze Baba aliye mbinguni. Picha ya mama ameinamisha uso akishikilia pakiti ya unga inamulika mtoaji tu, na yule mama huachwa na aibu yake mtandaoni kwa miaka.

Mto Mathare ulipovunja kingo zake katika mafuriko ya Aprili 2024, hatukuhitaji mkutano. Ukumbi huu ulifunguliwa, madawati yakasukumwa ukutani, familia zikalala hapa, Wakristo na Waislamu pamoja. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Chakula kingine kilitoka kwa majirani zetu Waislamu, na Mungu awabariki kwa hilo.

Tunakiri pia, mama, kwamba Desemba 25 ni siku nyepesi ya kuwa mwema. Kila mtu ana nyimbo na pilau. Kazi inakuja Januari, mwezi ambao Nairobi nzima unaitwa Njaanuari, wakati karo, kodi ya nyumba na deni la dukani vinagonga mlango asubuhi moja. Ndiyo sababu ukumbi huu huwa wazi jioni, shule zikifunguliwa, kwa watoto wanaoishi chumba kimoja na familia nzima, wapate meza, taa na mtu wa kuwaelekeza hesabu. Walimu ni sisi wenyewe, tuliomaliza shule na hatujapata kazi. Mtoto akiuliza swali, kijana anayemfundisha anakumbuka kwamba anacho cha kutoa.

Fedha ni kidogo. Tunachanga shilingi 50 kila Jumapili, na asiyekuwa nazo huja na mikono yake.

Tuna maombi mawili. La kwanza, mama, tufundishe huduma ya kwanza na dalili za hatari kwa mama mjamzito. Katika mizunguko yetu tumewahi kukutana na mama mwenye uchungu akitafuta gari usiku, nasi hatukujua la kufanya zaidi ya kumshika mkono. La pili tunalileta kwa wazee wetu: mtusaidie kufuatilia ile taa ya barabarani, mulika mwizi ya pale kona, iliyozimika tangu mvua. Kina mama wanaotoka zamu ya usiku hupita hapo wakikimbia.

Ibada ikiisha, makundi yataondokea langoni. Chai iko tayari jikoni, na kundi la kwanza linaelekea Barabara ya Juja. Tumekuwekea nafasi humo, mama, ukiwa na nguvu za kutembea nasi. Krismasi njema.

Ni sisi,
Vijana wa kanisa lako, Huruma.