Barua ya wazi kwa mawakili vijana wanaoitazamia Australia

Wanangu katika taaluma,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Wengi wenu mnamalizia masomo ya uzamili huko Perth, Brisbane na Melbourne, na wengine mnajiandaa kuondoka Nairobi na Dar es Salaam, na nyote mnaulizana ni kampuni gani za mawakili zinazoongoza katika sheria ya ujenzi na katika haki za ardhi za wenyeji wa asili. Majina si siri. Upande wa wawekezaji na wenye miradi mtawakuta Ashurst, Allens na King & Wood Mallesons; upande wa wenyeji wenyewe mtawakuta Chalk & Behrendt wa Sydney, pamoja na taasisi kama Kimberley Land Council iliyoanzishwa mwaka 1978. Ninachowaomba ni kwamba msichague mlango wa kubisha kabla hamjaielewa kazi, kwa sababu fani hizi mbili, ambazo orodha za ubora wa kampuni za mawakili huziweka katika kurasa mbalimbali, hukutana juu ya ardhi ile ile, na wakili aliyejifunza moja na kuipuuza nyingine humponza mteja wake.

Anzeni na kesi ya Mabo, na msiisome kwa muhtasari. Eddie Koiki Mabo na wenzake wa jamii ya Meriam, wa visiwa vya Murray katika mlangobahari wa Torres, walifungua kesi mwaka 1982 dhidi ya jimbo la Queensland, wakati sheria ya Australia ikiwa bado imesimama juu ya dhana kwamba Waingereza waliikuta nchi isiyo na mwenyewe. Ilichukua miaka kumi. Mashahidi walieleza mipaka ya bustani zao, nani alirithi kwa nani na kwa kanuni gani, mpaka tarehe 3 Juni 1992 majaji sita kati ya saba wa Mahakama Kuu ya Australia, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa, wakakubali kwamba haki za watu hao katika ardhi zilikuwapo kabla ya ukoloni na hazikufutika kwa kuwasili kwake. Mabo alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo. Bunge likazitungia haki hizo sheria mwaka 1993, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1994, na kutoka hapo kila leseni ya uchimbaji, kila reli na kila bomba linalopita katika ardhi yenye haki hizo limelazimika kupitia utaratibu, mliokwisha kufundishwa darasani, wa kuwashirikisha wenyeji.

Utaratibu huo una meno. Hatua ya serikali isiyofuata sheria hiyo inaweza kuwa batili kwa kadiri inavyogusa haki za wenyeji, na makubaliano ya matumizi ya ardhi kati ya wenyeji na wenye miradi yakishasajiliwa huwafunga wote wenye haki hizo katika eneo hilo, hata wasiotia saini. Ndiyo maana swali la nani hasa ana mamlaka ya kusaini si la makarani. Februari 2017, katika shauri la McGlade lililowahusu Wanoongar, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Australia, Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba makubaliano hayawezi kusajiliwa ikiwa hata mmoja wa wawakilishi waliosajiliwa hakutia saini. Makubaliano mengine mengi nchini humo yakaingia mashakani kwa mara moja, na ilibidi Bunge lirekebishe sheria mwezi Juni.

Sasa nawataka mkae na jambo la Juukan Gorge, huko Pilbara katika jimbo la Australia Magharibi, kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2013 kampuni ya Rio Tinto ilipata kibali cha serikali ya jimbo cha kuharibu mapango mawili kwa ajili ya mgodi wa chuma, chini ya sheria ya urithi ya mwaka 1972. Mwaka uliofuata wanaakiolojia walichimba humo wakapata ushahidi kwamba watu walilitumia eneo hilo tangu miaka 46,000 iliyopita, na pia kipande cha mkanda wa nywele zilizosukwa, cha miaka 4,000 hivi, ambacho vinasaba vyake viliwahusisha wenye nywele hizo na jamii ya Puutu Kunti Kurrama na Pinikura ya leo. Lakini sheria ile haikuwapa wenyeji njia ya kukata rufaa, wala haikuruhusu kibali kuangaliwa upya kwa sababu ya ugunduzi mpya. Mei 2020 baruti ikalipuliwa. Karatasi zote zilikuwa halali. Viongozi watatu wa juu wa kampuni waliondoka madarakani, na uchunguzi wa Bunge ukaonyesha jinsi mikataba ilivyowafunga wenyeji wasiweze kupinga hadharani. Wanangu, vifungu vya namna hiyo huandikwa na mawakili. Mkipewa kazi ya kuandika kifungu kinachomziba mdomo mwenye ardhi juu ya ardhi yake, mwambieni mkuu wenu kwa heshima kwamba hamtakiandika, na mwonyesheni Juukan.

Wanaopenda ujenzi wasidhani kwamba hayo ni ya wenzao wa ardhi. Katika kesi ya Timber Creek, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Australia Machi 2019, yaliyolipiwa fidia yalikuwa pamoja na barabara na kazi nyingine za umma zilizofanywa katika mji mdogo wa Northern Territory miaka ya 1980 na 1990. Jumla ilikuwa zaidi ya dola milioni 2.5 za Australia, na milioni 1.3 kati ya hizo zilikuwa kwa hasara ya kiroho na kitamaduni. Majaji walikataa kukipima kila kiwanja peke yake, wakaona kwamba kila kazi ilitoboa tundu katika mchoro mmoja mkubwa. Aliyeandaa mikataba ya barabara zile hakuwa na safu ya gharama hiyo.

Kwetu pia yapo. Mahakama Kuu ya Kenya ilipotoa hukumu ya bandari ya Lamu mwaka 2018 na kuamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, gati zilikuwa tayari zinajengwa. Mikataba ya FIDIC, yaani mikataba ya mfano ya ujenzi ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, tunayoitumia huku inasema mwenye mradi asipomkabidhi mkandarasi eneo kwa wakati, mkandarasi hupata nyongeza ya muda, gharama na faida. Kwa hiyo idhini ya wenyeji iliyopatikana kwa hila ikianguka mahakamani na kazi ikasimama, hasara haiishii kwa wenyeji. Humrudia mwenye mradi, siku kwa siku, kwa hesabu ya mkandarasi.

Mkiitwa kwenye usaili, ulizeni wakili wa ujenzi huoneshwa lini makubaliano na wenyeji: kabla zabuni haijatangazwa, au baada ya mkandarasi kuleta dai. Ulizeni pia kama wakili kijana hupelekwa kuketi na wazee wa jamii na kuwasikiliza kabla hajaandika rasimu. Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo mawili, hata ikiwa ya kwanza kwenye orodha, tafuteni nyingine.

Ndimi mzee wenu,
Wakili mstaafu, Mombasa