Mashine iliona sura ya kwenye kitenge, ya mama haikuiona

Bwana Mhariri,

Jambo kwako na kwa wote mnaofanya kazi na wewe. Naandika juu ya ile mistari minne mlitia wiki iliyopita kuhusu spektakle, onyesho la sauti na picha, iliyochezwa mu parseli moja hapa kwetu komini Kenya, Lubumbashi, mkaiita michezo ya kompyuta ya vijana wa mjini, mambo ya kuiga tu. Mimi nilikuwa pale tangu jua linazama mpaka watu wakaenda kulala, na naona mlipita mbali sana na jambo lenyewe.

Ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa njo ulikuwa ekrani, projekta moja, bafle mbili, kompyuta, na kamera ndogo iliyogeuziwa sisi tuliokaa. Kamera ikiona sura inachora kisanduku cha kijani, kompyuta inaikamata sura ile, inaikata vipande, inaichanganya na ya jirani yako, na kila sura ilipewa sauti yake, ukigeuza kichwa sauti inapanda, ukiinama inashuka, na kijana mmoja anapiga ngoma kufuata hayo yote, hakuna kitu kilichorekodiwa mbele, kila kitu kilitengenezwa pale pale na miili yetu.

Sasa akaja mama mmoja anauzaka bukari na samaki pale kona, akakaa mstari wa mbele, amevaa kitenge kimoja cha zile za tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, zenye sura ya mwanamke. Kisanduku cha kijani kikarukia sura ya kwenye kitenge. Yake, apana. Mama akasogea kwenye mwanga, akatoa kitambaa cha kichwa, wapi. Watu wakacheka, yeye hakucheka, akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo kitenge njo muntu, mimi niko nini?"

Bwana Mhariri, swali lile njo lilikuwa spektakle yenyewe, na halikuandikwa na msanii yeyote.

Tena haikuwa bahati mbaya ya jioni moja. Mu 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu tatu za makampuni makubwa zinazokisia kama sura ni ya mwanaume ao mwanamke. Kwa wanaume wa ngozi nyeupe kosa halikupita 0.8 kwa mia, kwa wanawake wa ngozi nyeusi lilifika mpaka 34.7 kwa mia. Kukisia sura si kitu kimoja na kuiona, lakini ugonjwa ni wa ukoo mmoja, juu mashine inajifunza kwa picha, na picha zilizokuwa zinatumiwa kuzipima zilijaa watu weupe.

Mimi ni fundi wa telefone, njo maana iliniuma. Kila siku nafungua telefone nashika batri, na ndani ya batri mingi mna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote inachimbwa Congo, makamiyo yanatoka Kolwezi yanapita hapa kwetu kwenda Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, mavumbi yake tunayala, halafu inaturudia ikibeba kamera ambayo mbele ya mama wa bukari inaona kitambaa.

Na kusema hii ni mambo ya kuiga tu si kweli. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi wenye shanga na simbi, mtu wa chama cha Mbudye anapitisha kidole juu yake huku anasimulia wafalme, safari, nani alitoka wapi, kila mara kwa namna yake kufuatana na wanaomsikiliza. Kijana wa kompyuta alitueleza kwamba zile nukta za mwanga zilizokuwa zinatembea ukutani alizitoa kwenye lukasa. Niliangalia tena nikaona kweli, nikaona aibu sikuwa nimetambua mwenyewe.

Mwisho mama aliuliza sura zetu zinaenda wapi. Watu wengi pale hawakujua kama tuna sheria inayogusa mambo hayo, ile Code du numérique (si kodi ya kulipa, ni sheria ya mambo ya kompyuta na mtandao) ya tarehe 13 Machi 2023, na gazeti lenu lingeweza kutusaidia kuieleza kwa Kiswahili cha watu. Vijana wakafuta picha zote mbele yetu, mmoja mmoja, tunaona. Kesho yake mama yuleyule akaja kwenye meza yangu ananiuliza kama ninayo ile picha ya ukutani nimutilie kwenye telefone, nikamwambia hakuna tena, akanyamaza kidogo akasema basi.

Vijana wanataka kurudia spektakle mu komini Katuba. Tumeni muandishi, akae mstari wa mbele karibu na mama, juu ameniambia atarudi na kitenge kile kile.

Fundi wa telefone,
Komini Kenya, Lubumbashi