Isabgol ni dawa nzuri ya choo kigumu, ila inywe na maji ya kutosha

Wateja wengi wanaoingia famasi yetu wakilalamika kwamba hawapati choo huwa wanataka dawa ya kumaliza mambo usiku huohuo. Isabgol si dawa ya namna hiyo. Tunaiuza, tunaiamini, na kwa mtu mzima mwenye choo kigumu asiye na tatizo jingine, mara nyingi ndiyo tunayoanza nayo. Lakini hatumkabidhi mtu paketi bila kwanza kumweleza habari ya maji.

Isabgol ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana India, hasa Gujarat na Rajasthan. Paketi nyingine zimeandikwa ispaghula, nyingine psyllium. Yote ni dawa ileile. Haifanyi kazi kama sanamaki au bisakodili, ambazo huuchochea utumbo ujikamue. Yenyewe hunyonya maji tumboni, huvimba, na kukifanya kinyesi kiwe kingi na laini, ndipo utumbo unapata kitu cha kusukuma. Haiingii kwenye damu, ndiyo maana hata mama mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa mhudumu wake wa kliniki.

Jaribu hivi ukifika nyumbani. Weka kijiko kimoja cha chai cha maganda kwenye glasi yenye maji kidogo, koroga, kisha iache. Baada ya dakika chache utakuta ute mzito unaovutika kama wa bamia. Uvimbe huo ndio tunaoutaka utumboni, na ndio hatari ukitokea kooni. Anayebwia unga mkavu, au akaushushia na mafunda mawili ya maji, anaweza kuzibwa koo au umio (njia ya chakula kwenda tumboni), akapaliwa na kushindwa kupumua vizuri. Jambo hili si la kinadharia: mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa hii ikiwa katika umbo la chembechembe isiendelee kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu ya watu kuzibwa umio.

Kwa hiyo chukua glasi iliyojaa, mililita 250 hivi. Mimina dozi yako, koroga, unywe papo hapo kabla haijawa nzito, kisha ongeza glasi nyingine ya maji matupu. Unywe ukiwa umekaa wima au umesimama. Usiinywe ukiwa unaelekea kitandani. Wakati wa usiku hunywi maji wala hutembei, na dawa hii inahitaji vyote viwili. Siku nzima endelea kunywa maji. Kwa wanaofunga Ramadhani, tunashauri iwe baada ya futari, ili ubaki na saa kadhaa za kunywa maji kabla ya kulala. Kuinywa wakati wa daku halafu ukae kutwa nzima bila maji ni kujitafutia tabu.

Sasa, subira. Matokeo huanza kuonekana baada ya saa 12 hadi siku tatu. Anza na dozi moja kwa siku, uongeze taratibu kwa kufuata maelezo ya paketi. Anayeongeza maradufu siku ya kwanza kwa kuwa hajaona kitu, atakachopata ni gesi na tumbo kujaa. Gesi kidogo mwanzoni ni ya kawaida na hupungua mwili ukizoea.

Kama unatumia dawa nyingine, ziache zipishane na isabgol kwa saa mbili hivi, maana ute wake unaweza kuzizuia zisiingie mwilini vizuri. Tuambie hasa kama unatumia dawa za tezi ya shingo, kifafa au moyo. Mwenye kisukari apime sukari kwa ukaribu zaidi siku za mwanzo, kwani maganda haya hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Wako ambao hatuwauzii kabisa, na tunaomba wasikasirike. Mtu anayemeza kwa shida, kwa mfano baada ya kiharusi. Aliyewahi kuambiwa utumbo wake umebana au umeziba. Anayetumia dawa kali za maumivu kama mofini au tramadoli pia, kwani hizo huuchosha utumbo usisukume, na kumwongezea mzigo utumbo uliolala kunaweza kumziba kabisa. Yeye ana dawa nyingine zinazomfaa. Mtoto wa chini ya miaka sita aonwe na daktari kwanza.

Na kama tumbo limevimba, linauma sana, unatapika, na hata hewa haitoki, usipite kwetu. Nenda hospitali moja kwa moja. Damu kwenye choo nayo watu huiita bawasiri kabla hawajapimwa. Inaweza kuwa bawasiri kweli, lakini inaweza kuwa kitu kikubwa zaidi, hasa kama unapungua uzito au mwenendo wa choo umebadilika kwa zaidi ya wiki mbili. Hilo halitibiwi kwa maganda.

Tukikuuliza unakula nini na unameza nini, hatukuchunguzi. Vidonge vya kuongeza damu hufunga choo, na baadhi ya dawa za presha, kama verapamili, hufanya vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula; anayekula ugali wa sembe na nyama kila siku hazifikii. Dona, maharage, mchicha na papai humsaidia, na wengine wakirekebisha sahani hawaihitaji tena paketi yetu. Ukija, beba dawa zako zote unazotumia, hata zile za kienyeji, tuziangalie pamoja kabla hujalipia.