Kwako uliyenielekeza Juni 2024

Kaka, jina lako halisi silijui hadi leo, ila shukrani hizi ni zako.

Wiki ile ya Mswada wa Fedha wa Kenya, uliopendekeza kodi mpya, nilikuwa mgeni kabisa kwenye mtandao wa X. Niliandika kwa hasira kwamba mkate tayari unatozwa ushuru wa asilimia 16. Matusi yakanimiminikia, nikataka kufuta akaunti. Ndipo ukaniandikia faraghani: “Dadangu, hasira yako ni ya haki, lakini huu bado ni mswada, si sheria. Umeusoma?”

Sikuwa nimeusoma. Ukanitumia nakala nzima, ukakaa nami karibu hadi saa sita usiku. Ulinionyesha kifungu cha mkate, kisha kile cha ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Ukaniambia nitaje nambari ya kifungu kila ninapoandika, maana anayebisha atalazimika kufungua ukurasa uleule. Uliniambia pia kwamba kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe wananchi, kwa hiyo sauti yangu si kiherehere.

Kesho yake, kwenye mjadala wa sauti, uliomba nipewe nafasi. Nilitetemeka, nikasoma kifungu, nikaeleza bei ya mkate inavyomgusa mama muuza chai. Walinisikiliza.

Rais alipokataa kutia saini tarehe 26, nilikutafuta nikushukuru. Akaunti yako haikuwepo tena. Popote ulipo, kaka, asante sana. Ile nakala ningali nayo.