Ile neno la "sheria ndogo"

Ndugu yangu,

Salama huko Mwanza? Siye hapa Bukavu tuko, mvua tu ndio haitupe nafasi. Nimechelewa kukujibu sababu ya ile neno yenye uliandika, eti huko halmashauri inatunga "sheria ndogo" na kwa Kiingereza ni bylaw, na by ni kando, kwa hiyo ni sheria za kando tu. Apana ndugu, hapo ulipotea, na hata Waingereza wenyewe wanapoteaka hapo.

Iyo by ilitoka ngambo. Kwenye karne ya 9 watu wa Denmark na Norwei walivuka bahari wakakaa kaskazini na mashariki ya Uingereza, na kwa luga yao by ni kijiji, ni muji. Angalia karte (ramani): Derby, Whitby, Grimsby, yote inaisha na by. Hata leo Denmark muji ni by. Na law nayo ilitoka kwao, maana yake ya kwanza ni kitu chenye kimewekwa, kimetulia pale. Basi bylaw ni sheria ya muji! Udogo uliingia nyuma, wakati watu walichanganya ile by na ingine ya Kiingereza.

Inanigusa sana sababu juzi kule Kadutu, komini ya hapa Bukavu, mama moja, anauzishaka sambaza (zile samaki ndogo za ziwa), aliniita nimusomee karatasi yenye walibandika kwa poto (nguzo), Kifaransa kitupu, mambo ya kutupa uchafu, na juu waliandika kwa herufi kubwa ARRÊTÉ. Alikuwa amefunika beseni yake tayari, anataka kukimbia, akaniuliza: "Wanakuja kukamata nani?" Na hakukosea, kwa Kifaransa arrêter ni kukamata, ni kusimamisha, na tena ni kukata shauri, na ile ya shauri njo ilikuwa pale.

Nikamwambia, apana mama, hakuna mutu wanakamata, ni sheria ya muji. Akafunua sambaza zake pole pole, akawaza, akasema: "Kama ni ya muji, siye ba soko tulikuwa wapi wakati wanaiandika?"

Sikupata jibu mpaka leo. Wewe huko Mwanza, mbele ya kuweka hizo sheria wanawaulizaka? Niandikie namna inapitaka.

Wako wa siku zote