Matangazo ya mikopo ya magari yaseme jumla, si asilimia tupu

Ndugu Mhariri,

Siku hizi hakuna toleo la gazeti lenu lisilo na tangazo la mkopo wa gari. Picha ya Toyota IST au Noah inayong'aa, na chini yake maandishi manene: "Riba asilimia 1.5 tu kwa mwezi." Msomaji anazidisha mara 12, anapata asilimia 18 kwa mwaka, halafu anakumbuka benki yake ilimtajia asilimia 21. Anaiacha benki na kukimbilia kwenye tangazo. Mara nyingi amekimbilia mkopo ulio ghali zaidi, wala tangazo halikusema uongo. Halikusema tu ile asilimia inapigwa juu ya kitu gani.

Kuna namna mbili za kupiga hesabu. Ya kwanza ni riba bapa, ile maofisa mikopo wanayoiita flati: riba inapigwa juu ya fedha yote uliyokopa mwanzoni, mwezi hadi mwezi, hata ukiwa umesharudisha nusu. Ya pili ni riba ya salio linalopungua: kila mwezi unatozwa kwa deni lililobaki tu.

Tuchukue gari la shilingi milioni 20, kianzio milioni 5, mkopo milioni 15 kwa miezi 36. Kwa flati ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ni 225,000 mara 36, yaani milioni 8.1. Jumla ya kurudisha ni milioni 23.1, na rejesho la kila mwezi ni 641,667. Kwa benki iliyosema asilimia 21 kwa mwaka juu ya salio, rejesho ni kama 565,100 na jumla milioni 20.34. Ile "18" imeizidi ile "21" kwa zaidi ya shilingi milioni 2.7. Ukiigeuza flati hiyo iwe riba ya salio, inatoka asilimia 30.6 kwa mwaka.

Anayetaka kuona ubaya wake kwa macho aangalie mwezi wa mwisho. Deni la msingi (fedha uliyokopa, bila riba) lililobaki ni 416,667, lakini riba anayotozwa mwezi huo bado ni ile ile 225,000. Hiyo ni asilimia 54 kwa mwezi mmoja. Hakuna mtu ambaye angesaini karatasi yenye namba hiyo.

Kujua umewekewa ipi si kazi ngumu. Usimuulize ofisa mikopo "riba ni ngapi?" Mwombe akuchapie jedwali la marejesho kabla hujasaini chochote, kisha soma safu ya riba ya mwezi wa kwanza na wa pili. Zikilingana, hiyo ni flati. Katika mfano wetu wa asilimia 21, mwezi wa kwanza riba ni 262,500 na mwezi wa pili imeshuka hadi 257,200 hivi. Ofisi inayosema jedwali hutolewa baada ya kusaini imekwisha kukujibu.

Mwenye Excel, hata ya kwenye simu, aandike hivi kwenye kisanduku kimoja: =RATE(36,-641667,15000000)*12. Namba ya kwanza ni miezi, ya pili rejesho (usisahau alama ya kutoa), ya tatu fedha uliyopewa mkononi. Zingatia hapo: uliyopewa mkononi, si iliyoandikwa kwenye mkataba. Asiye na Excel achukue flati ya mwaka azidishe kwa 1.7, kwa mikopo ya mwaka mmoja hadi mitatu kwa riba za kawaida atakuwa karibu na ukweli.

Kuna yadi za magari zinazokwenda mbali zaidi na kutangaza "lipa kidogo kidogo, bila riba." Bei ya taslimu milioni 20, bei ya kulipa kidogo kidogo milioni 26, kianzio milioni 8, zilizobaki milioni 18 kwa miezi 18. Neno riba kweli halimo. Lakini kama ungekuwa na taslimu ungebakiza milioni 12 tu, kwa hiyo unalipa milioni 18 kwa deni la milioni 12. Ipitishe kwenye ile fomula na utaona asilimia 56 kwa mwaka. (Sizungumzii murabaha ya benki za Kiislamu, ambako benki inanunua gari na kukuuzia kwa faida inayotajwa waziwazi kwenye mkataba. Nayo ipimwe kwa jumla ya malipo kama nyingine zote.)

Baada ya riba zinakuja ada, na hapa hata benki nzuri huwa hazisemi kwa sauti. Ada ya kuchakata mkopo ikiwa asilimia 2 na bima ya mkopo asilimia 1, katika milioni 15 zinakatwa 450,000 kabla fedha haijatoka. Umepokea milioni 14.55 lakini unarudisha kama uliyepokea 15. Ile asilimia 21 imeshakuwa 23 na kidogo. Ongeza gharama ya mthamini na ya kifaa cha GPS cha kufuatilia gari lilipo, ambacho baadhi ya wakopeshaji hulazimisha kifungwe na kutoza ada yake kila mwaka.

Halafu bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe. Kwa kawaida mkopeshaji haruhusu gari lililo kwenye mkopo litembee na bima ndogo, ile inayofidia watu wengine tu. Ukitozwa asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 20 ni 700,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha 826,000. Wengi huiweka kwenye bajeti mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili bima inaisha, mkopaji hana fedha, mkopeshaji anakata bima yeye mwenyewe kwa kampuni aliyoichagua yeye na kuipachika kwenye deni, nayo inaanza kuzaa riba. Uliza mapema kama unaruhusiwa kuleta bima ya kampuni unayoitaka, na punguza thamani inayokatiwa bima kila mwaka kadiri gari linavyochakaa. Fahamu pia kwamba kwenye bima hiyo mkopeshaji ndiye anayeandikwa mnufaika wa kwanza: gari likiibwa, fidia inapita kwake, wewe unapata kilichobaki kama kipo.

Sasa riba nzuri inapatikana wapi? Kwa mwajiriwa, pa kuanzia pasiwe yadi. Mkopo wa kawaida unaokatwa kwenye mshahara, hasa pale mwajiri na benki wana makubaliano, mara nyingi huwa na riba ndogo kuliko mkopo ulioitwa "wa gari," kwa sababu benki inautegemea mshahara na haina haja ya kufukuzana na gari. Tena kadi ya gari inabaki kwako, na unanunua kwa taslimu, jambo linalokupa nguvu ya kubishana bei na muuzaji. Kikwazo ni ile kanuni ya kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara. Mwenye mikopo mingine tayari hatapata kiasi cha kutosha.

SACCOS ya kazini, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ndiyo ya pili, na kwa wengi ndiyo bora. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio si kitu cha ajabu huko, na ziada ya mwaka inaweza kurudi kwa wanachama kama gawio. Lakini mkopo huwa ni akiba yako mara mbili au tatu, kwa hiyo milioni 15 inadai akiba ya angalau milioni 5 iliyokwisha kulala humo, na hutaigusa mpaka umalize deni. Anayepanga kununua gari mwakani alipaswa kuwa ameanza kuweka akiba mwaka jana. Hakikisha pia riba yao ni ya salio kweli. Zipo SACCOS zinazotumia flati kwa mazoea tu.

Benki ni ya tatu, na huko watu hawajui kwamba riba hubishaniwa. Taarifa za Benki Kuu za kila mwezi huonyesha riba mbili za mikopo: ya jumla, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka asilimia 15, na ya wateja waliojadiliana, iliyokuwa karibu asilimia 13. Ni kweli wanaojadiliana wengi ni wakubwa, lakini mlango upo. Nenda na barua za ofa za taasisi mbili au tatu, zote kwa kiasi kile kile na miezi ile ile, la sivyo hazilinganishiki. Kama meneja anasema riba imepangwa makao makuu, hamia kwenye ada ya kuchakata. Hiyo tawi huwa na uwezo wa kuipunguza, na kutoka asilimia 2 kwenda 1 katika mfano wetu ni 150,000 mkononi. Kianzio kikubwa nacho kinasaidia. Na usitarajie Benki Kuu ikishusha riba yake, kama ilivyofanya Julai 2025 kutoka asilimia 6 hadi 5.75, rejesho lako lishuke mwezi unaofuata. Mkataba wa riba isiyobadilika hautikisiki.

Kabla ya kuomba popote, pata taarifa yako kutoka taasisi za kumbukumbu za mikopo, kama Creditinfo au Dun & Bradstreet. Deni dogo la mkopo wa simu lililosahaulika linatosha kukupandishia riba au kukunyima mkopo kabisa. Likilipwa, dai lirekebishwe kwenye kumbukumbu, maana kulipa na kufutwa ni mambo mawili.

Kwenye mkataba wenyewe, vifungu vitatu visomwe polepole. Cha kwanza ni kumaliza deni mapema. Katika mkopo wetu wa salio, ukitaka kufunga baada ya miezi 18 unadaiwa milioni 8.66 hivi. Katika ule wa flati, mkopeshaji akishikilia riba yote ya mbele, unadaiwa milioni 11.55, yaani kuwahi kwako hakukuokoi hata senti. Cha pili ni "miezi mitatu ya kupumua." Hupumui bure: kwa asilimia 1.75 kwa mwezi, milioni 15 inakuwa milioni 15.8 kabla hujalipa rejesho la kwanza. Cha tatu ni tarehe. Mshahara unaingia tarehe 25 na rejesho limepangwa tarehe 20. Kila mwezi unahesabiwa umechelewa, na fedha yako inakatwa kwanza adhabu, kisha riba, deni la msingi mwisho. Omba tarehe ibadilishwe siku hiyo hiyo ya kusaini, ni jambo la dakika mbili.

Ukimaliza deni, dai barua ya kumaliza mkopo na kadi yenyewe, na kama jina la mkopeshaji limeandikwa kwenye usajili, fuatilia liondolewe TRA. Magari mengi hukwama kuuzwa miaka baadaye kwa kasoro hiyo tu.

Wakopeshaji nao wana leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha umma bila leseni anavunja sheria, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Mwenye malalamiko aanze kwa maandishi kwa mkopeshaji wake, asiporidhika ayapeleke Benki Kuu, ambayo ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2019. Kwa maandishi, nasisitiza. Simu haina nakala.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mnapokea fedha za matangazo haya, na ni haki yenu. Lakini mnaweza kumwambia kila mtangazaji aongeze mstari mmoja, kwa herufi za ukubwa ule ule wa bei: "Mkopo 15,000,000, unapokea mkononi 14,550,000, rejesho 565,125 kwa miezi 36, jumla unayolipa 20,344,500, bima ya gari haimo." Atakayekataa, muulizeni kwa nini, na jibu lake mlichapishe bila malipo.

Mchambuzi wa mikopo,
Dar es Salaam