Mwanangu, hilo jiko usilale nalo

Mwanangu marahaba, salamu zimefika. Picha uliyotuma ya asubuhi huko Makete nimeiona, majani meupe kama yamemwagiwa chumvi, ila mimi macho yalienda pale mlangoni kwenye jiko la mkaa. Linafanya nini chumbani? Usiniambie unalitoa kabla ya kulala, nakujua.

Juzi tena redioni, watu wamelala na jiko hawakuamka. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, moshi ukiisha mtu anaona makaa mekundu safi anafunga dirisha, kumbe hapo ndo inaua.

Jana saa nne nimeinua lile bati nyuma ya banda la kuku, jua limeshalipasha. Chini yake sisimizi wamejaza vitu vyeupe, mi nilijua mayai, mdogo wako anasema wengi ni watoto wao, hawana hata miguu. Jioni nikainua tena, hamna kitu, wameshawashusha chini kabisa kwenye udongo baridi ya usiku isikofika. Kila siku wanapandisha, wanashusha. Mwili wa sisimizi hauna joto la kwake, linatoka nje, alfajiri nilimkuta mmoja ukutani anatembea kama katoka kwenye pombe ya ulanzi.

Huyo mdogo wako akipata bando hatupumui, eti Sahara kuna wengine wana manyoya ya rangi ya fedha yanarudisha jua, wanatoka mchana mijusi imejificha, mwili unavumilia mpaka kama nyuzi 53. Lakini dakika chache tu wamesharudi shimoni. Wanajua muda wa kurudi, we unajua muda wa kutoa jiko?

Ualimu umeupata bila kumjua mtu, wenzangu wa kikoba nimewatambia mpaka wamechoka. Ila akili yote umeiacha darasani.

Na usinijibu kwamba hata sisi tulilala na jiko. Ndiyo. Ile nyumba ya Uyole ilikuwa na matundu, upepo unapita. Halafu kuna kipupwe kimoja niliyaziba matundu yote kwa matambara, una miezi mitano, nikaamka kichwa kinapasuka na wewe umelegea, ziwa hushiki, nikakutoa nje hivyo hivyo na baridi mpaka ukalia. Baba yako nilimwambia malaria.

Basi la kesho nimempa konda blanketi lile zito la kijani, soksi na mchele wa Kyela kilo tano, hesabu kabla hajaondoka maana mara ya mwisho zilifika nne. Kuku mweusi kaangua tisa, mwewe kachukua wawili. Baba yako analitaka lile bati aezekee choo, nimemwambia aliache kwanza mpaka Septemba.

Leo usiku ukilitoa jiko nitumie picha likiwa nje, na mlango uonekane. Simu ntakuwa nayo kitandani.